Maji ya Kujileta

Wajukuu zangu hapa Nosy Be husema sijui kucheka. Nacheka kukiwa na jambo. Siku niliyopelekwa kuogeshwa kwenye hamamu ya kale, kabla ya arusi yangu, nilicheka mpaka nikakaa kwenye matope, na nguo ilikuwa mpya.

Wakati ule tulikaa Mahajanga, na nchi yetu ya Boina ingali na mfalme wake. Mavyaa wangu, yaani mama wa kijana aliyeniposa, alikuwa mwanamke wa kushika mila kwa meno. Akasema mwari wa kwao hamwagiwi maji kwa kata. Huogeshwa kwa maji ya kujileta, kwenye hamamu ya mji wa wazee, ng'ambo ya ghuba kule Katsepy, mji ulioachwa zamani zikabaki kuta. Maji yakikataa kuja, arusi ingoje Ramadhani ipite. Na Rajabu ndiyo kwanza imeandama! Nilimtaka sana yule kijana. Mwari hasemi, kwa hiyo sikusema, nimesema sasa.

Tukavuka asubuhi, wanawake watupu, wa kwao na wa kwetu, tukitupiana maneno ya utani njia nzima.

Hamamu yenyewe ilikuwa hivi. Kisima kiko juu mlimani. Chini kuna birika la mawe, limesakafiwa chokaa laini kama ndani ya bakuli. Katikati ni ukuta mnene, na mfereji umepita ndani ya ukuta. Unateka kisimani, unamimina kwenye bakuli la jiwe huko juu, maji yanapita gizani, yanatokea kwenye tundu juu ya birika. Waliojenga walikuwa na akili, tena hawakuwa na haraka.

Basi shangazi yangu na wenziwe wakateka, wakamimina. Mavyaa kasimama birikani mbele ya tundu, kajifunga hariri.

"Yanakuja?" shangazi akauliza toka juu.

"Hata tone!"

Wakamimina tena, na tena.

"Vumbi tu," mavyaa akasema. "Shangazi mtu, mnateka au mnapiga soga?"

"Tunateka mpaka makwapa yamelegea! Ukuta wenu huo una kiu. Au unafunga Rajabu?"

Wote wakacheka, isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nahesabu miezi vidoleni. Mavyaa akafuta mikono. "Basi. Maji yamekataa. Tutangoja."

Lakini alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akainama, akatia jicho tunduni. Huko juu shangazi hajakoma, akamimina mara moja zaidi.

Nikasikia ukuta unanguruma kama tumbo lenye njaa. Bibi mmoja wa Kisakalava, wa upande wao, akapiga kelele, "Rano! Rano!" Maji hayo! Yakatoka kwa mkupuo, mchanga, majani, chura na yote. Yakampiga mavyaa usoni, yakamkalisha chini.



"Jamani," shangazi akaita, "yanakuja?"

Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi, mwari! Niliziba mdomo, kicheko kikatokea puani. Mavyaa akamtoa chura begani, akamweka pembeni kwa adabu.

"Yamekuja, shangazi mtu. Yamekuja na mwenyewe, huyu hapa."

Shangazi akachungulia. "Lo! Kumbe bibi arusi ni wewe? Na mume tukutafutie wapi?"

Hapo hapakubaki mtu wa kusimama; mimi nilikaa matopeni, ukingoni mwa birika. Shangazi huku akicheka akafunua jiwe moja la juu ya ukuta, akaona sababu. Mle ndani mmejengewa chungu kikubwa, maji yatue humo yaache mchanga. Mpaka kijae ndipo yaendelee. Nacho kilikaa kikavu miaka yote ile.

Mavyaa akanishika mguu, akanivuta birikani na nguo zangu. "Njoo, mwanangu. Sitaoga peke yangu."

Maji yalikuwa ya vuguvugu, kwa kuwa ukuta unashinda juani. Nikaogeshwa na mwanamke anayetoa mchanga masikioni.

Arusi ilikuwa Ijumaa iliyofuata. Niliambiwa nisiinue macho. Niliinua mara moja tu, nikamwona mavyaa ameketi wima, uso mkavu kabisa, mabega yanamtikisika.