Marehemu Mia Sita Wacheshi

Mchapaji wa kile kibanda cha fotokopi karibu na kituo cha afya alisifika kwa kuandika wasifu wa marehemu. Ulimpa jina, mwaka wa kuzaliwa na idadi ya watoto. Kabla hujamaliza kufuta machozi, kurasa mbili zilishatoka kwenye printa zikiwa na joto. Kompyuta yake kuukuu ilikuwa imehifadhi misiba ya miaka kumi na minane, kila marehemu na faili lake.

Asubuhi moja, mjane aliyechukua wasifu jana yake alirudi nao mkononi.

"Dada, umeandika mume wangu alikuwa mcheshi."

"Kwani hakuwa, mama?"

"Yule? Siku ya harusi yetu mpiga picha alimbembeleza acheke mpaka akanyoosha mikono."

Mchapaji akaapa kwamba neno lile lilimponyoka mara moja tu. Shemeji yake, fundi aliyekuwa akibadilisha kibodi pale pembeni, akakohoa kichokozi.

"Shemeji, tuiulize mashine." Akafungua dirisha jeusi kwenye skrini, akaandika:

grep -rl "mcheshi" . | wc -l

"Hii grep inapekua kila faili, mpaka ndani ya mafolda," alieleza. "Hiyo ya mwisho inahesabu yaliyo na neno hilo."

Ikatoka 614.

"Kati ya mangapi?" mjane akauliza.

"Mia sita na thelathini," mchapaji akajibu.

Fundi akasema, "Hao kumi na sita sijui walikukosea nini, shemeji."

Mjane akaangua kicheko, cha kwanza tangu msiba uingie. Mchapaji, uso umemshuka, akamvutia kiti. "Haya mama, niambie alikuwaje."

Alikuwa mtu wa kurudi mara tatu kuhakikisha mlango umefungwa. Hakusifia chakula, ila sufuria aliikwangua. Na kwa miaka thelathini alimpigia mkewe pasi sare ya kazi kila alfajiri, akilalamika mwanzo mpaka mwisho. Walikaa saa nzima, wenye fomu zao wakisonya dirishani.

Mazikoni, wasifu mpya uliposomwa, watu walicheka kwenye habari ya mlango. Kwenye pasi wakalia.

Siku hizi mchapaji anauliza maswali mengi, na wateja wanamnung'unikia kwa kuchelewesha. Ile amri ya grep ameibandika ukutani. Juzi, akiwa peke yake, alijaribu kutafuta "mchapakazi". Alipoona namba iliyotoka, akafunga lile dirisha jeusi haraka kabla shemeji hajaingia.