Sikumupa Maumivu Kiti

Miaka kenda sasa, na sijasahau. Siku ya arusi ya Karima, mama yake, Ramla, dada ya bwana yangu, aliniondosha kazi ya kumupaka bibi-arusi hina. Mimi niliyemubeba ule mutoto mu mugongo. Nilikuwa nimekaa pa mukeka, macho imefungwa, kwa sababu goti yangu ilikuwa inawaka sawa moto. Bamama bote ba parcelle, uwanja yetu ya nyumba, balikuwa banachambua majani ya sombe. Ramla akasema kwa sauti: "Mutu mwenye maumivu analia. Huyu iko na uvivu." Bakacheka. Hina akapewa jirani Djamila, mwenye hajui hata kupaka ukuta chokaa.

Sikulia, ni kweli. Nililia zamani: minalia, goti inauma, minanyamaza, goti inauma, lakini walau jirani analala. Donc nikajifunza njia yangu. Sala ya alfajiri ikiisha, minabakia pa mukeka na tasbihi, pumzi moja, shanga moja. Maumivu inakuya sawa mugeni hana adabu. Simufukuze, simupe kiti. Minamuangalia tu, mupaka yeye mwenyewe anachoka kusimama. Haiishe, hapana. Inapunguka. Bon, minainuka, minapika.

Mwaka hii Ramla akaanguka na toleka, ile baiskeli ya kubeba batu, pale mutaa ya Makiso, baiskeli na mwenye kuiendesha na yeye bote chini. Goti ikavimba sawa kichwa ya mutoto. Dawa ya docteur anameza, na bado siku tatu bajirani ba avenue nzima balimusikia analia. Siku ya ine akaniita.

"Wifi, ile yako ya kukaa, nifundishe."

"Ile uvivu?"

Akaangalia chini. "Nifundishe tu."

Nikamukalisha, nikamupa tasbihi. Siku ya kwanza alinitukana mupaka shanga ikaisha. Siku ya tano akatulia, jasho inamutiririka, sauti haitoki.

Ndiyo saa ile Djamila akaingia na sahani ya ndizi makemba.

"Ah, Mama Karima, umepona? Mutu mwenye maumivu hakae hivi."

Ramla akafungua jicho, akaniangalia. Nilikuwa minachagua mawe mu muchele. Sikuinua kichwa.

"Inauma, Djamila," akasema. "Inauma sana. Kunyamaza haiko uongo. Hata ya wifi haikukuwa uongo."

"Rudilia," nikasema. "Djamila hasikiye muzuri."

Akarudilia.

Kumusamehe, sikumusamehe. Nikamuambia afunge macho, shanga ilikuwa bado mingi.