Taji la Enoch Garbett

Hapa Birmingham bunduki ya marisau haiuzwi kabla mtutu wake haujajaribiwa, na kwa miaka thelathini na moja mjaribu wetu alikuwa Enoch Garbett. Mimi nilikuwa mpima baruti wake, kwa hiyo nasimulia niliyoyaona. Alishindilia baruti kupita kiasi ambacho mwindaji mwenye akili angethubutu kutia, akajificha nyuma ya ukuta, akavuta kamba. Mtutu ukistahimili, aliugonga muhuri wa taji, na kando yake namba ya upana wa tundu. Wenye kasoro aliukataa, hata ungekuwa wa mama yake mzazi.

Rafiki yake alikuwa Horace Tibbatts, fundi wa bunduki wa mtaani kwetu. Kila Ijumaa walikula pamoja mkate na jibini, wakitaniana.

Jumatatu moja polisi walituletea bunduki iliyopasuka na kumkata mkulima vidole vitatu. Enoch aliliona taji lake, akakaa chini.

"Nimemlemaza mtu," akasema.

Kisha akapima tundu. Lilikuwa pana kuliko namba aliyoigonga. Mtu alikuwa amelikwangua ndani baada ya majaribio, kuta zikabaki nyembamba, wala hakuurudisha mtutu ujaribiwe upya kama sheria inavyotaka. Jina la fundi lilichorwa ubavuni: Tibbatts.

Tukamfuata karakanani kwake.

"Horace, umeukwangua."

"Ulikuwa na kutu, kaka. Nimeusugua kidogo tu."

"Mbona hukunirudishia?"

"Nikurudishie wewe? Si ungeukataa!" Akacheka. "Watu wakiona taji lako hawaulizi kitu, bwana."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitamani kumtwanga na nyundo yake mwenyewe.

Enoch akauliza polepole, "Na ile uliyompa mwanangu Walter siku ya harusi yake?"

Horace akashika kitambaa, akaanza kufuta kikombe kilichokuwa kisafi.

Walter alikuwa ameiwindia misimu mitatu, shavu lake likiegemea kitako. Kesho yake Enoch aliileta. Nilipima baruti. Akavuta kamba. Moshi ulipotulia, mtutu ulikuwa umechanika mpaka penye taji.

Aliokota vipande mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Ijumaa alikuja na mkate wa watu wawili, kwa mazoea. Alipoufungua akauona, akautupa wote.