Alama Mbili Chini ya Jina la Kijiji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja mjini Migori, nilifika saa moja asubuhi nikiwa nimevaa sketi ya kuazima kwa dada yangu. Nilidhani karani wa kumbukumbu za wagonjwa hukaa mezani na kuandika kwa mwandiko mzuri. Bosi wangu, Afisa wa Kumbukumbu, alinipeleka kwenye chumba cha mafaili kilichonuka vumbi na panya, akanipa vitambaa viwili: kimoja cha kufutia rafu, kingine cha kufunga pua.

"Boke," akasema, "kila faili humu ni mtu. Ukiliweka mahali pasipo pake, umempoteza."

Alikuwa mkali, lakini alipenda kusoma. Ndani ya droo yake mlikuwa na riwaya ya zamani ya Kiingereza, ya kutisha, iliyokwisha kupoteza jalada. Ilihusu kiumbe mwovu na watu wachache waliomwandama mpaka wakamshinda. Alinipa niisome. Nilihangaika nayo na kamusi kwa miezi.

"Walimshindaje?" akaniuliza nilipoirudisha.

"Kwa silaha, bwana."

"Rudia kusoma."

Mara ya pili ndipo nilipoona. Kila mmoja wao aliandika siku ileile aliyoona jambo, wala hakuchanganya alichokiona na alichosikia. Kisha mwanamke mmoja kati yao akazikusanya karatasi zote na kuzipanga kwa tarehe, na wote wakasoma za wenzao. Hapo wakaona jambo ambalo hakuna aliyeliona peke yake. Hata hivyo, mwishoni walikiri kwamba walibaki na nakala tu, ambazo mtu baki hakuwa na sababu ya kuziamini.

"Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia," Afisa akaniambia. "Kuandika ni nusu. Nusu ya pili ni kuhakiki. Unamrudia mwenye habari, unamsomea ulichoandika, unamwuliza kama ndivyo."

Niliyashika maneno hayo, au nilidhani nimeyashika. Baada ya miaka michache nilihamishiwa Awendo, nikazoea kuandikisha wakata miwa waliokuja na majeraha ya panga. Kutoka huko nikapelekwa upande wa Homa Bay, kwenye kituo cha afya kisicho mbali na Magunga. Mimi ni Mkuria na Kijaluo changu kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo wagonjwa nilizungumza nao kwa Kiswahili. Majina ya vijiji vyao yalinichanganya.

Siku moja ya Ijumaa kituo kilifurika. Waliletwa watoto watano kwa mpigo, wakitokwa na mate, wakitapika na kutetemeka. Jumanne iliyotangulia tulikuwa tumepokea wanne wa namna hiyo. Sista Mkuu alikuwa akikimbia na dripu, akina mama wakilia, nami nikiandika kwenye rejista, lile daftari kubwa la wagonjwa. Mtoto wa kwanza nilimwandikia jina, umri na kijiji, upande wa Juu. Kwa wale wanne waliofuata, kwenye safu ya kijiji, niliweka zile alama mbili ndogo za kuonyesha "kama hapo juu". Sikumwuliza mama yeyote. Niliona wamefika pamoja, nikadhani wametoka pamoja.

Mtoto mmoja alifariki jioni hiyo. Aliitwa Awuor.

Jumatatu akaja Naibu wa Chifu akiwa na wazee wawili. Alitaka kujua watoto wametoka wapi. Nilimfungulia rejista, akapitisha kidole safu nzima.

"Wengi wao ni wa upande wa Juu," akasema. "Si unaona? Kwa yule mjane."

Mjane huyo, Mama Akinyi, alikuwa ameolewa kutoka Karungu. Aliuza uji kando ya njia, na tangu mumewe afariki watu walikuwa wakinong'ona kuwa ni jajuok, yaani mchawi. Sasa walikuwa na kitabu cha serikali cha kuwaunga mkono. Kesho yake asubuhi ua wake ulivunjwa, vyungu vyake vikapasuliwa, na yeye na binti zake wawili wakakimbilia kwao Karungu kwa miguu.

Niliposikia, nilirudi kwenye rejista nikazitazama zile alama. Sikuweza kuapa kuwa ni za kweli.

Nilimwomba Sista Mkuu ruhusa ya siku mbili. Nilitembea nyumba kwa nyumba pamoja na Mama Pamela, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyenitafsiria palipohitajika. Kwa kila mzazi niliuliza maswali yaleyale: mnaishi wapi, mtoto alianza kuugua siku gani, siku hiyo alikula na kunywa nini, wapi. Kati ya wale wanne niliowawekea alama, hakuna hata mmoja aliyetoka upande wa Juu. Uji wa Mama Akinyi walikuwa wameunywa watoto wawili tu kati ya wote tisa.

Jioni nilizipanga karatasi kwa tarehe. Wote waliugua Jumanne au Ijumaa. Nikamwuliza Mama Pamela, "Jumanne na Ijumaa kuna nini hapa?"

"Kwaya ya watoto," akasema. "Wanafanya mazoezi kanisani."

Nyuma ya kanisa tulikuta pipa jipya la maji. Mwalimu wa kwaya, mzee mpole aliyependwa na kila mtu, alikuwa amelinunua sokoni ili watoto wasikae na kiu. Tulilimwaga, na chini kukabaki harufu niliyoijua tangu utoto wangu kwetu, harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Pipa lilikuwa la dawa hiyo, likaoshwa kwa maji tu. Mzee yule, aliyekuwa amesimama nasi, alishika ukingo wake kwa mikono miwili. Awuor alikuwa mjukuu wake.

Msimamizi wa kituo alipopata habari aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa kuogopa maneno ya watu.

"Boke, futa zile alama kwa wino mweupe, uandike upya. Wasijue tulikosea."

"Kosa kwenye rejista halifutwi," nikamwambia. "Linakatwa kwa mstari mmoja, lisomeke, kisha aliyekosea anatia sahihi na tarehe."

"Unataka kutuharibia?"

"Nimeshamharibia mtu mmoja. Inatosha."

Alhamisi, kwenye baraza la Naibu wa Chifu, nilisimama na rejista wazi mikononi. Nilisema kwamba alama zile niliziandika mimi bila kuuliza, na kwamba mjane hana hatia. Wengine walinizomea. Mzee wa kwaya alisimama akaeleza habari ya pipa, na hapo zomeazomea ikakoma. Naibu wa Chifu akatuma mtu Karungu kumwambia Mama Akinyi arudi. Jibu lilikuwa kwamba hawezi kuishi na watu walioamini upesi hivyo.

Niliendelea na kazi mpaka nikastaafu. Siku hizi kuna kompyuta, nanyi makarani vijana mnaandika kwa kasi nisiyoiweza. Sina ugomvi na mashine. Ninachowaomba ni kimoja: msijaze nafasi kwa sababu tu iko wazi. Mkiwa hamjui, iacheni wazi mpaka mwulize.

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilikwenda Karungu. Nilikuwa nimechelewa miaka mingi, nami nalijua hilo. Nilimkuta Mama Akinyi akianika dagaa wa omena, amezeeka, macho yangali makali. Nilimweleza mimi ni nani, nikamwonyesha nakala ya ukurasa ule niliyoiandika kwa mkono wangu. Aliipitia kwa kidole.

"Jina langu liko wapi?"

"Halipo, mama. Ni hizi alama tu."

"Hizi ndogo?"

"Hizo."

Alinirudishia karatasi, akafuta mikono kwenye leso yake. Nilidhani atanifukuza.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "tangu siku ile hakuna mtu aliyeniuliza mimi. Una kalamu?"

Nilitoa daftari. Alinivutia kigoda, akaanza tangu siku aliyoolewa, na nikaandika mpaka jua likawa utosini. Alipomaliza nilimsomea yote, polepole, tangu mwanzo. Mahali pawili alinisimamisha nikasahihisha, kisha nikamwuliza kama ndivyo.

"Ndivyo," akasema.