Karatasi kwa Mlango wa Mama Shiku

Leo nimeona mtu mzima akifunga duka mchana kwa sababu ya karatasi.

Jirani yangu hapa Kimumu, Mama Shiku, anauza nguo za watoto. Mimi niko na saluni, ukuta wetu ni mmoja.

Afisa wa kaunti alipita akambandikia karatasi kwa mlango. Mimi nilikuwa nimefunga nimeenda kula, kwangu akapita tu.

Narudi, napata Mama Shiku anatupa nguo kwa gunia, anauliza nani atamchukulia watoto shule.

"Chebet, mbona mlango wangu tu? Wako hauna."

Nikajua anakumbuka nini. Ile vita ya baada ya uchaguzi, nyumba ya kina Mama Shiku iliwekwa alama mchana kwa sababu ya kabila lao. Usiku ikachomwa.

Nikamsomea ile karatasi polepole: ukijua mtu ameuzwa, ama amefungiwa kazini, piga nambari hii, ni ya bure. Kila biashara lazima iweke karatasi hii mlangoni.

"Kila biashara?" Bado anaangalia mlango wangu.

Nikamkimbilia yule afisa, nikaomba karatasi kama hiyo, nikaibandika kwangu Mama Shiku akiona.

Ndio akaanza kutoa nguo kwa gunia, moja moja.

Nyinyi karatasi ikiwekwa kwa mlango wenu, mnaisoma kwanza ama mnatafuta watoto kwanza?