Makubadhi ya Bibi kwenye Gofu la Kilimani

Bibi yangu mzaa mama alikuwa hatembei peku hata hatua tatu. Nikimkumbuka, huanza kukumbuka miguu yake kabla ya uso. Ndani ya nyumba yetu ya Ng'ambo alivaa mitalawanda, vile viatu vya mbao, na mlio wake uani ndio uliotuambia yuko wapi. Akitoka nje alivaa makubadhi ya ngozi. Katika nyumba za watu alivua mlangoni kama watu wote, lakini alichagua pa kukaa ili avione. Usiku aliviweka chini ya kitanda, vidole vimeelekea mlangoni.

Alinichapa mara moja tu maishani mwake. Nilikuwa na miaka saba, nimerudi kutoka chuoni, kusoma Kurani, nimebeba viatu mkononi kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na sikutaka viharibike. Nilidhani nitasifiwa. Alinichapa kwa upande wa ubao wa mtalawanda, kisha akaniosha miguu mwenyewe, akanipangusa katikati ya vidole, na machozi yalikuwa yakimtoka yeye kuliko mimi.

Mimi nilijieleza hayo yote kwa njia rahisi: Bibi ni mtu wa nasaba. Mama alikuwa akituambia asili yetu ni Washirazi, watu wa kale wa kisiwa hiki, na mimi nililibeba neno hilo shuleni kama wenzangu walivyobeba vikuku vya dhahabu. Bibi akiulizwa habari za ukoo, alijibu, "Muulize mama yako." Nikaona ni unyenyekevu wa watu wakubwa. Nilikuwa na majivuno sana siku zile, na sina haja ya kuyaficha sasa.

Miaka ya hamsini ilikuwa imefika katikati nilipoposwa. Mchumba alikuwa karani wa serikali, kijana mpole, nilimwona mara mbili na mara ya pili nikarudi nyumbani nikiwa sisikii nikiitwa. Alilelewa na shangazi yake katika nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe, na neno la huyo shangazi ndilo lililokuwa likifuatwa. Watu wao walikuwa na mashamba ya mikarafuu zamani. Mashamba yalikwisha kwenda, yakabaki maneno yake na gofu moja la babu yao juu ya kilima, mbele ya Bububu.

Posa ilipokubaliwa, ikabaki kuweka siku ya nikaha. Shangazi akatoa rai kwamba kwanza wanawake wa pande mbili waende mandari: tupande gari mpaka Bububu, kisha tutembee kwa miguu kuyaona majumba ya kale, la babu yao kwanza, halafu hamamu ya Kidichi, tule huko huko chini ya mikarafuu. Nilielewa kwamba ndiyo siku ya kuangaliwa. Atanitazama ninavyotembea, ninavyopakua, ninavyojibu.

Mama hakutaka Bibi aende. Alisema magoti yake hayataweza mlima, akasema jua, akasema nyoka. Mimi nikashika kwamba lazima aende, maana hapakuwa na mtu nyumbani kwetu mwenye adabu na haiba kama yake, na nilitaka kumwonyesha. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na huo niliuchuma kwa mkono wangu. Bibi aliuliza kitu kimoja tu: tunakwenda kilima gani. Nilipomtajia, alianza kuzungusha tasbihi.

"Ntakwenda," alisema.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta uani anayapaka mafuta makubadhi yake mapya, yale ya Idi, ambayo hakuwa amewahi kuyavaa safarini.

Tulikuwa wanawake tisa. Gari la mbao lilitupitisha Maruhubi, penye zile nguzo za jumba lililoungua, likatupitisha Mtoni, na kila penye ukuta uliobomoka Shangazi alikuwa na hadithi. Alikuwa mcheshi, na siwezi kusema uongo, nilimpenda. Tuliposhuka Bububu alifungua mwavuli akatangulia, nasi tukamfuata na vikapu vyetu vya pilau na sambusa, buibui zimeshika vumbi jekundu mpaka magotini. Bibi alikuwa nyuma kabisa. Kila nilipogeuka kumsubiri, alinifanyia ishara niende.

Mahali fulani njia iligawanyika. Shangazi alisimama akatazama huku na huku, maana alifika mara ya mwisho akiwa mtoto. Sauti ikatoka nyuma yetu, ya Bibi, wala hakuinyanyua.

"Kushoto. Hiyo ya kulia inakwenda mabandani."

Shangazi akamgeukia kwa furaha, akamuuliza kumbe ameshafika huku. Bibi akajibu kwamba ameshafika. Hapakuwa na aliyeuliza mabanda gani. Mimi nilifurahi kama mjinga, nikaona Bibi yangu anajua kila kitu. Mbele kidogo tukapita kisima cha mawe, naye akasimama akaweka kiganja kwenye ukingo, mahali kamba zilipochimba mifereji kwa kupita kwingi. Nikadhani amechoka, nikampa maji ya kunywa. Akayakataa.

Gofu lenyewe halikuwa na paa. Mizizi ya miti ilikuwa imeshuka kutani, na mlango ulikwisha kuchukuliwa na watu, kikabaki kizingiti cha jiwe na ngazi tatu za kukipanda. Ndani palikuwa na majani, miiba, na mavi ya mbuzi. Shangazi alipofika ngazi ya chini alikunja mwavuli, akavua viatu.

"Nyumba ya babu haiingiwi na viatu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Basi tukavua sote. Tulivipanga viatu vyetu kwenye majani, jozi kando ya jozi, mbele ya nyumba isiyokuwa na paa, tuingie kukanyaga miiba kwa heshima. Leo nikifikiri nacheka, lakini siku ile niliona ni adabu nzuri mno, na niliharakisha niwe wa pili kuvua baada ya Shangazi ili anione.

Bibi hakuvua. Alisimama chini ya ngazi, mikono ameikunja ndani ya buibui, akiutazama mlango. Shangazi akamkumbusha kwa upole kabisa, kama tunavyomkumbusha mtu mzima aliyesahau. Bibi aliendelea kuutazama mlango. Wale wanawake wa upande wao wakaanza kutazamana, na uso wa Mama ukawa kama jivu. Nikaona harusi yangu inaharibika kwa usahaulifu wa kizee. Nikafanya ambalo mjukuu yeyote wa kwetu angelifanya: nilipiga magoti mbele yake, nikashika kisigino chake, nimvue mwenyewe.

Aliuvuta mguu kwa nguvu hata nikaanguka kwa mikono.

"Usinivue," alisema. "Mlango huu mie nimeupita peku utoto wangu wote, na mtungi wa maji kichwani. Leo nnaingia na viatu vyangu."

Akapanda zile ngazi. Makubadhi yalilia juu ya jiwe, na alipovuka kizingiti alikanyaga katikati yake, pole pole, mguu mmoja kisha wa pili.

Nilibaki palepale chini, viganja vimeingia mchanga. Siwezi kueleza mshtuko ule sawasawa. Nilisikia maneno, nikayaelewa, na bado kichwa kilikuwa kikiyarudisha kama kitu kisicho changu. Mtungi wa maji. Peku. Wote tulijua nani alikuwa haruhusiwi kiatu katika nyumba za mabwana wa zamani: mtumwa. Tulilijua hilo kama tunavyojua habari za watu wengine. Nilimtazama Mama, naye akainamisha macho, na hapo nikajua kwamba yeye alijua siku zote. Mshtuko huo wa pili uliniuma kuliko wa kwanza.

Ndani, Bibi alikuwa akitembea kutoka chumba hata chumba. Tulimsikia akisema peke yake, wala si kwa hasira: hapa palikuwa na birika, hapa bibi mkubwa wa nyumba alikuwa akikaa akisukwa, hapa chini ya ngazi tulikuwa tukilala watoto wanne. Shangazi alisimama kizingitini peku, mkono kifuani, kama mtu aliyekuta wageni chumbani kwake. Mwishowe alisema kwamba babu yao alikuwa mtu wa huruma, kila mtu alimsifu.

"Kila Idi akitugawia nguo za kaniki," Bibi alimjibu kutoka ndani. "Viatu hakutugawia."

Nataka kuandika kwamba nilivaa viatu vyangu nikamfuata. Sikumfuata. Nilisimama na wale wanawake wengine, miguu mitupu, nikimwonea haya bibi yangu, nikimchukia kidogo kwa kuniharibia, mpaka alipomaliza akatoka. Alinipita bila kunitazama, akaenda kukaa kwenye ukingo wa kisima. Hatukufika Kidichi. Tulikula pilau haraka, kila mtu akilisifu sana, na tukashuka kilima. Nilikuwa na mwiba kwenye unyayo na sikumwambia mtu.

Siku kumi hazikuja habari. Nyumbani hatukulizungumza. Mama alipika, Bibi alichagua mchele, mimi nilishona, na mlio wa mitalawanda ulinifanya nishtuke kila niliposikia, mimi niliyelelewa nao. Siku ya kumi na moja akaja mjumbe, jirani yao, mwanamke mwenye maneno laini. Alisema Shangazi anatusalimu sana. Harusi ipo vilevile, na la kilimani limebaki kilimani. Ila siku za harusi, kwa ajili ya kusitiriana, yule mtu mzima asihudhurie. Na tukiulizwa asili, tujibu kama tulivyokuwa tukijibu.

Mama alilia kwa shukurani. Alisema wametusitiri, Mungu awalipe. Mimi nilimgeukia Bibi, maana alikuwa pale pale uani, ungo uko magotini na masikio yake mazima. Niliamini atasema kitu. Yule aliyepanda zile ngazi angesema kitu.

Aliuliza siku gani, ili aende Kiembe Samaki kwa mpwa wake, akae huko mpaka tumalize.

Hapo ndipo nilipovunjika. Kumbe kwenye gofu alijisemea yeye, na hapa alikuwa tayari kunyamaza kwa ajili yangu. Nilitoka bila ya kuaga. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi, na kutoka Ng'ambo mpaka Mji Mkongwe njia ilikuwa tope. Nilipanda ngazi za nyumba yao mbili mbili. Juu, mbele ya mlango wa ukumbi, viatu vilipangwa vizuri, jozi sita au saba, na ndani wanawake walikuwa wamekaa kwenye busati jekundu wanakunywa kahawa.

Niliingia na viatu vyangu.

Kila aliyezaliwa kisiwa hiki anajua nilichokifanya. Hapakuwa na aliyenitazama uso. Wote walitazama miguu yangu na tope linavyobaki kwenye busati, hatua baada ya hatua. Shangazi alikuwa mweupe kwa mshtuko.

"Viatu, mwanangu," alisema.

"Nnavijua," nikasema. "Nimekuja na jibu. Siku ya arusi bibi yangu atakaa mbele, na akiulizwa asili yake atajibu mwenyewe. Kama hamtaki, basi."

Nikangoja. Alitazama busati muda wote huo, kisha akatikisa kichwa taratibu, akakataa. Nikashuka. Kwenye ngazi nilishika ukuta, na sikujua kama ninalia kwa yule kijana mpole au kwa kitu kingine.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Bibi yote, nikitaraji nitabarikiwa. Mama alikwenda ndani akafunga mlango. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Uliingia na matope kwenye busati la watu?"

"Naam, Bibi."

"Wanaswali juu yake wale."

Nilimwambia kwamba yeye pia aliingia. Akanitazama kama siku ile ya chuoni.

"Mie niliingia kwenye jumba bovu lililonila utoto wangu. Wewe umeingia nyumba ya watu. Rudi ukaombe radhi ya busati." Kisha akaunyanyua ungo wake. "Ya posa usiombe."

Nikarudi ndani ya mvua ile ile. Nilipofika juu, kahawa ilikuwa imeondolewa na Shangazi alikuwa amepiga magoti peke yake, analisugua busati kwa kitambaa. Nilivua viatu mlangoni, nikavipanga, nikaingia peku, nikapiga magoti upande wa pili. Alinisogezea ndoo ya maji, tukasugua pamoja mpaka doa la mwisho likatoka. Halafu nikatoka, nikavaa viatu vyangu, nikaenda zangu kwa bibi yangu.