Gari Lililoinama

Harufu ya grisi kuukuu hunirudisha uani kwetu Mundika, asubuhi ya mazishi ya babu kule Budalang'i. Gari letu lilikuwa limeinama nyuma, upande mmoja. Baba alichomoa chuma cha springi, kile chenye meno kinachobeba gurudumu, akizungushe jino moja ili gari liinuke, lakini chuma kikagoma kuingia kwenye jino hilo jipya.

"Baba watoto, kirudishe kilivyokuwa, twende," mama alimsihi. "Wanamzika baba yangu saa nane."

"Tutakwama njiani. Ngoja kidogo."

Akagonga, akalaani, akachubuka vidole. Jua lilipokuwa utosini, chuma kikaingia. Gari likasimama sawa. Baba akatoka chini yake akicheka.

"Muite mama yako aone."

Nikamwambia kwamba mama alishashika njia kwa miguu, viatu mkononi, akilia.